Usiku Mbovu, Mchana wa Maumivu

Mgonjwa wa fibromialjia akifika kwa daktari huanza na maumivu: shingo, mabega, kiuno, nyonga, mapaja. Akiulizwa zaidi, hutaja uchovu. Akiulizwa alilalaje, mara nyingi hujibu kwamba alilala usiku kucha lakini ameamka amechoka kuliko alivyopanda kitandani. Jibu hili la tatu ndilo wengi hulipita haraka, ilhali watafiti wamelifuatilia kwa karibu nusu karne, na ndilo linaloeleza mengi kuhusu ugonjwa huu.

Katika kila watu 100, kati ya wawili na wanne huishi nao, wengi wao wanawake. Mwaka 2017 mwanamuziki Lady Gaga aliahirisha ziara yake ya Ulaya kwa sababu ya maumivu makali, akautangazia ulimwengu kwamba anaugua fibromialjia. Wengi hawana jukwaa la kusemea. Huku kwetu mtu anayesema mwili wote unauma hupimwa malaria, kisha taifodi, kisha huambiwa labda ni baridi yabisi. Majibu hurudi safi. Picha za eksirei hazionyeshi kitu, damu haina dalili ya uvimbe. Hapo ndipo nyumbani huanza minong'ono kwamba anajisingizia.

Madaktari nao walipotea njia kwa muda mrefu. Mwaka 1904 daktari Mwingereza William Gowers aliyapa maumivu ya aina hii jina lililomaanisha uvimbe wa tishu zenye nyuzi. Uvimbe huo ulitafutwa kwa miongo kadhaa bila kuonekana, na katika miaka ya 1970 jina likabadilishwa kuwa fibromialjia. Kwa kuwa uvimbe haupo, si ajabu kwamba diklofenaki na dawa nyingine za kupunguza uvimbe, ambazo watu hujinunulia tu dukani, haziwasaidii sana wagonjwa hawa. Wanachoambulia wengine ni vidonda vya tumbo.

Tatizo liko kwenye namna ubongo na uti wa mgongo vinavyoshughulikia maumivu. Mwaka 2002 Richard Gracely na wenzake nchini Marekani waliwalaza watu kwenye mashine inayopiga picha za ubongo, kisha wakawabonyeza ukucha wa kidole gumba. Kwa mbonyezo wa nguvu ile ile, sehemu 13 za ubongo ziliamka zaidi kwa wagonjwa wa fibromialjia, lakini ni sehemu moja tu iliyoamka zaidi kwa watu wenye afya. Mfumo wa maumivu wa wagonjwa hawa ni king'ora cha gari kinacholia hata paka akipita. Maumivu hayo ni ya kweli kabisa, hata kama hakuna jeraha.

Katika mwili wa kawaida ubongo hutuma taarifa kuelekea chini kwenye uti wa mgongo kupunguza makali ya maumivu. Kazi hiyo hutegemea kemikali kama serotonini na noradrenalini, na hizo hizo ndizo zinazoshiriki kuongoza usingizi na hisia za mtu. Ndiyo maana kati ya maumivu, usingizi na hisia, kimoja kikiyumba, viwili vingine huwa havibaki salama.

Ushahidi wa kwanza mzito kwamba usingizi mbovu huchangia maumivu ulitoka Toronto, Kanada. Harvey Moldofsky, daktari wa magonjwa ya akili, na Hugh Smythe, mtaalamu wa magonjwa ya viungo, waliwalaza wagonjwa maabarani na kupima mawimbi ya ubongo wao. Katikati ya usingizi mzito waliona mawimbi ya mtu aliye macho yakipenya. Macho yamefumba, mwili umetulia, lakini sehemu ya ubongo iko lindoni. Kisha wakafanya jambo la kijasiri, na wakalichapisha mwaka 1975: waliwachukua watu wenye afya njema, na kila walipozama kwenye usingizi mzito, kelele ikawatoa humo bila kuwaamsha kabisa. Baada ya siku chache watu hao walianza kulalamika kuhusu maumivu ya misuli, na hata hisia zao zikabadilika kama za wagonjwa. Waliporuhusiwa kulala bila kusumbuliwa, dalili zilipotea.

Kundi lao lilikuwa dogo, na mawimbi hayo si ya fibromialjia peke yake. Hata hivyo tafiti zilizofuata zimeelekea upande huo huo. Mwaka 2007 Michael Smith na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichunguza wanawake 32 wenye afya. Baadhi waliamshwa mara kwa mara usiku, wengine walipunguziwa saa za kulala lakini wakaachwa walale mfululizo. Walioamshwa-amshwa ndio waliopoteza uwezo wa mwili kujizuilia maumivu. Kwa maneno mengine, usingizi mfupi una nafuu kuliko uliokatwa vipande, jambo ambalo mama yeyote mwenye kichanga angeweza kuwaambia watafiti bila malipo.

Nchini Norwei kulifanyika utafiti mkubwa zaidi, uliochapishwa mwaka 2012. Wanawake zaidi ya 12,000 wasio na fibromialjia walifuatiliwa kwa takriban miaka kumi. Waliokuwa na matatizo ya usingizi mara kwa mara mwanzoni walikuja kupata ugonjwa huo zaidi ya mara tatu kuliko waliolala vizuri. Na kwa wanaougua tayari, wanawake 50 nchini Marekani waliorekodi hali zao kila siku kwa siku 30, katika utafiti wa mwaka 1996, walionyesha mzunguko wenyewe: usiku mbovu ulifuatwa na mchana wa maumivu zaidi, na mchana wa maumivu ukafuatwa na usiku mbovu.

Na moyo je? Hapa ndipo wagonjwa huonewa zaidi. Jamaa husema, "Acha mawazo, utapona." Ni kweli kwamba sonona na wasiwasi huwapata watu hawa zaidi kuliko wengine, lakini si wote, na mawazo si lazima yawe chanzo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, uliowafuatilia wagonjwa kwa mwaka mmoja, ulipata mfuatano huu: usingizi mbaya ulitangulia maumivu, maumivu yakatangulia kushindwa kazi za kila siku, na kushindwa kazi kukatangulia sonona. Mtu asiyeweza tena kufua, kulima au kukaa dukani hadi jioni anayo sababu ya kuhuzunika. Sonona ikishaingia huharibu usingizi, na mzunguko unaanza upya.

Kwa hiyo daktari akimwandikia mgonjwa amitriptilini, mgonjwa asidhani ameitwa mwendawazimu. Dawa hiyo ilianza kama tiba ya sonona, lakini kwa fibromialjia hutolewa kwa dozi ndogo, mara nyingi kuanzia miligramu 10 usiku, kiasi kisichotosha kutibu sonona. Lengo ni usingizi na maumivu. Duloksetini, iliyoidhinishwa Marekani kwa fibromialjia mwaka 2008, hupunguza maumivu hata kwa wasio na sonona. Dawa kali za jamii ya afyuni hazifai.

Lakini dawa si nguzo kuu. Wataalamu wa Ulaya walipopitia ushahidi wote mwaka 2016, tiba moja tu waliipendekeza kwa nguvu: mazoezi. Si lazima yawe ya kiwanjani. Huko Boston wagonjwa 66 waligawanywa, nusu wakajifunza tai chi, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, kwa wiki 12. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba walipata nafuu kubwa kuliko wenzao katika maumivu, usingizi na hisia pia. Kutembea kunafaa vilevile. Kosa la kawaida ni kumaliza kazi zote siku mwili unapokuwa mwepesi, kisha kulala hoi siku tatu. Mgonjwa aanze kidogo, aongeze taratibu.

Usingizi nao una mazoezi yake: kuamka saa ile ile kila siku hata baada ya usiku mbaya, kutoka kitandani usingizi ukigoma badala ya kugaragara, na kuiweka simu mbali.

Aliyeumwa mwili mzima kwa zaidi ya miezi mitatu, majibu ya maabara yakiwa safi, asiishie kumtajia daktari maumivu tu. Aeleze huamka mara ngapi usiku, kama hukoroma na kukatika pumzi, na kama miguu humsumbua kila anapojilaza, kwa kuwa matatizo hayo yana tiba zake. Anayelala naye huyaona mengi asiyoyajua mwenyewe, basi waende wote kliniki.