Kanuni za Maktaba na Haki ya Mfanyakazi Kusoma

Mtu aingiapo katika maktaba ndogo ya wilaya, aghalabu hulakiwa kwanza na ubao uliotundikwa karibu na mlango. Ubao huo humwambia asizungumze, asile, asinywe, asiingie na mkoba, asikunje kurasa, asiazime kitabu bila ya kadi, na kwamba akikichelewesha atatozwa faini. Pengine maneno hayo yameandikwa kwa Kiingereza, katika mji ambao soko lake, mahakama yake ya mwanzo na mikutano yake yote huendeshwa kwa Kiswahili. Hatusemi kwamba makatazo hayo ni mabaya. Mengi yana sababu njema. Lakini twaona inafaa kila moja liulizwe: wewe wamlinda nani, na wamfukuza nani?

Swali hili si la wasomi peke yao. Tuchukue mfano wa mtu anayefanya kazi katika kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti, ambaye leo ameachishwa kazi bila ya barua na bila ya kusikilizwa. Tanzania Bara ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, nayo yaeleza ni kwa sababu gani na kwa utaratibu upi mwajiri aweza kumwachisha mtu kazi. Lakini anayedai kwamba ameachishwa isivyo halali hana budi kulifikisha shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika muda wa siku 30. Zikipita, itampasa kwanza aombe kusamehewa kuchelewa kwake na aeleze sababu. Fedha ya wakili hana. Maktaba iko mwendo wa nusu saa kutoka kwake, na humo rafuni kimo kitabu kinachoieleza sheria hiyo kwa Kiswahili chepesi. Sasa akiambiwa kwamba hapewi kadi mpaka alete fomu yenye mhuri wa mwajiri, atakwenda kuuomba mhuri huo kwa nani? Kwa yule yule aliyemfukuza? Hapo kanuni ya maktaba imekwisha kuamua shauri kabla Tume haijalisikia.

Yafaa tukumbuke maktaba hizi zilitoka wapi. Wakati wa ukoloni kanuni ya kwanza ya maktaba ilikuwa rangi ya mtu. Maktaba ya McMillan mjini Nairobi, yenye nguzo zake za mawe na simba wake wawili mlangoni, ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa zaidi ya miaka 25 wasomaji wake walikuwa Wazungu peke yao. Mwafrika aliweza kulifagia jengo lile. Kuketi na kusoma hakuweza. Kwetu, sheria ya kuunda Bodi ya Huduma za Maktaba ya Tanganyika ilipitishwa mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru, na Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Siku hiyo ya sherehe ya Uhuru haikuchaguliwa kwa bahati. Katika miaka ya 1970, kisomo cha watu wazima kilipoenea, zikaanzishwa maktaba za vijijini, kwa kuwa mtu aliyejifunza kusoma akiwa na miaka 40, kisha asipate cha kusoma, husahau upesi kama alivyojifunza. Maktaba ndogo ilijengwa kwa ajili ya mtu huyo. Ni yeye tunayemtafuta leo katika ubao wa makatazo, na hatumwoni.

Zamani huko Ulaya vitabu vilifungwa kwa minyororo. Katika kanisa kuu la Hereford, Uingereza, rafu za minyororo zilizotengenezwa mwaka 1611 zapo hata leo, na watu huenda kuzitazama. Kitabu kimoja kiliandikwa kwa mkono kwa miezi mingi, na hivyo watu walikithamini kuliko msomaji wake. Aliyeipindua fikira hiyo kwa maneno machache alikuwa Mhindi mmoja, S. R. Ranganathan, mwalimu wa hesabu aliyefanywa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras mwaka 1924. Mwaka 1931 alitoa kitabu chenye sheria tano za ukutubi. Ya kwanza yasema kwamba vitabu ni vya kutumiwa. Ya pili, kila msomaji apate kitabu chake; ya tatu, kila kitabu kipate msomaji wake; ya nne, usipoteze wakati wa msomaji; na ya tano, maktaba ni kitu chenye uhai, nacho hukua. Hata sasa wanafunzi wa ukutubi husomeshwa sheria hizo. Ubao wa mlangoni ungepimwa kwa hiyo ya kwanza tu, nusu ya maandishi yake yangefutwa.

Turudi kwenye mdhamini. Maktaba ina haki ya kumjua mtu anayeondoka na mali ya umma, na hatuna ugomvi na jambo hilo. Ugomvi wetu ni juu ya nani ahesabiwe kuwa mdhamini wa kutosha. Fomu inayotaka mhuri wa ofisi yamfaa karani na mwalimu. Kibarua wa bandarini anayeajiriwa kwa siku, mtumishi wa nyumbani, mama lishe, fundi wa baiskeli chini ya mwembe, hao wote hawana ofisi ya kuwapigia mhuri, ingawa kila mtu mtaani awajua walipo asubuhi na jioni. Mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji awajua. Tawi la chama cha wafanyakazi lawajua walio wanachama wake. Hata msomaji mwingine mwenye kadi ya zamani na rekodi njema aweza kumdhamini jirani yake, na mtu aliyedhaminiwa na jirani huona haya kupoteza kitabu kuliko aliyedhaminiwa na mhuri.

Kuhusu ada, Azimio la UNESCO juu ya maktaba za umma, lililotolewa kwanza mwaka 1949 na kuandikwa upya mwaka 1994 na mwaka 2022, lasisitiza kwamba huduma ya maktaba ya umma kwa kawaida iwe bure. Twajua kwamba fedha ya bodi na ya halmashauri haitoshi, na kwamba maktaba inayotoza ada haifanyi hivyo kwa ulafi. Lakini ada ya kuingia kwa siku, hata ikiwa ndogo, hushindana na nauli na mkate. Ikiwa hapana budi itozwe, basi isitozwe kwa mtu anayekuja kusoma gazeti, sheria, au kitabu cha afya ya mtoto wake.

Yuko atakayesema kwamba mtu asiye na kadi aweza kuketi mle ndani na kusoma. Vema. Aketi saa ngapi? Sheria ile ile ya 2004 yaruhusu saa za kawaida za kazi kufika 45 kwa wiki, na 9 kwa siku, katika siku zisizozidi sita. Mtu anayeanza kazi saa moja asubuhi na kupumzika saa moja mchana hutoka saa kumi na moja jioni, akiwa na jasho na njaa. Maktaba inayofunguliwa pamoja na ofisi na kufungwa pamoja na ofisi ni maktaba ya watu wasio na kazi na ya watu wanaotoroka kazini. Twaelewa vilevile kwamba mkutubi ni mfanyakazi, naye ana saa zake na watoto wake, na katika maktaba nyingi ndogo yuko peke yake au ana msaidizi mmoja. Hatutaki abebeshwe mzigo wa wenzake. Twasema hivi: saa zile zile anazofanya kazi zihamishwe. Asubuhi ya Jumanne na ya Alhamisi, ambapo viti ni vitupu, mlango ufungwe. Jioni za siku hizo uwe wazi mpaka saa mbili usiku, na Jumamosi mchana kutwa. Hapo haiongezwi hata saa moja.

Vitabu vya marejeo, yaani kamusi, ramani, sheria na ensaiklopidia, kwa desturi haviazimishwi, na desturi hiyo ni ya haki, kwani kamusi ikitoka mlangoni watu hamsini wameikosa. Hata hivyo kitabu kinachotumiwa mchana tu hakina kazi usiku. Kiazimishwe saa ya kufunga na kirudishwe saa ya kufungua. Katika vyuo jambo hili ni la kawaida, nasi hatuoni kwa nini mfanyakazi asiaminiwe usiku mmoja kama anavyoaminiwa mwanafunzi.

Sasa tuje kwenye faini, jambo ambalo watu wengi hukosana juu yake. Fundi cherehani ameazima riwaya kwa siku 14. Siku ya kumi na mbili akashikwa na malaria, kisha zikaja nguo za sikukuu, kisha mtoto akaugua. Mwezi wa pili akikumbuka, anahesabu faini ya kila siku na kuona imekuwa ya kutisha. Hafikirii kuiba. Anaona haya. Hapiti tena njia ya maktaba, na riwaya inakaa chini ya godoro. Faini iliyowekwa ili kitabu kirudi ndiyo sasa inayokizuia kisirudi, na zaidi ya hayo maktaba imempoteza msomaji na wanawe wote ambao angewaleta. Mji wa Chicago, Marekani, ulifuta faini za kuchelewesha vitabu mwezi Oktoba 2019, na katika wiki zilizofuata vitabu vilivyokuwa vimekaa majumbani vilirudi kwa wingi. Nchi ya Ayalandi ilizifuta katika maktaba zake zote za umma mwaka huo huo wa 2019. Kwetu vitabu ni adimu kuliko huko, na hatusemi tuige kwa upofu. Lakini kuna adhabu ambayo haina bei: aliyechelewesha kitabu siku kumi asiazime kingine kwa siku kumi. Mwenye gari na mwenye miguu wote huumia sawasawa.

Wala asidhani mtu kwamba twalitetea jambo la kuchelewesha. Kitabu kinachoazimwa kwa wiki mbili mbili chaweza kusomwa na watu 26 kwa mwaka mmoja. Mtu mmoja akikikalia miezi mitatu, amekula zamu za watu sita. Katika maktaba yenye nakala moja tu ya kitabu cha ufundi wa umeme, hao sita ni vijana ambao huenda mtihani wao umepita.

Na iko kanuni moja tungependa ikazwe kuliko ilivyo. Wapo watu wanaochana kurasa. Hatuzungumzi juu ya watoto. Twazungumza juu ya watu wazima wenye elimu, wanaoona ni taabu kunakili maneno katika daftari, wakachomoa wembe. Wapo wanaopigia mistari kwa kalamu ya wino na kuandika maoni yao pembeni, kana kwamba wengine wanayangoja. Mtu wa namna hiyo alipe kitabu kizima, au alete kingine cha namna ile ile, na kadi yake ichukuliwe. Maskini aweza kuchelewa, lakini umaskini haumlazimishi mtu kubeba wembe. Ndiyo maana hata kanuni ya kuacha mikoba mlangoni twaiunga mkono, mradi pawepo na mtu wa kuilinda na kibao cha namba cha kumpa mwenye mkoba. Kumwambia mtu aache mkoba wake penye njia ya watu, kisha ukipotea aambiwe kwamba maktaba haihusiki, si uungwana.

Ukimya nao wataka akili. Chumba cha kusomea kiwe kimya. Lakini maktaba nyingi ndogo zina chumba kimoja tu, na watoto wa shule za msingi, ambao hawajui bado kusoma bila ya kutikisa midomo, hufukuzwa kwa kunong'ona. Wapewe saa zao, baada ya masomo, ambapo sauti si kosa. Kuna tatizo jingine ambalo wakutubi hulijua vizuri: karibu na mitihani viti vyote hujaa wanafunzi wanaosoma madaftari yao wenyewe, bila ya kugusa kitabu hata kimoja, na mzee aliyekuja kusoma gazeti husimama. Wanafunzi hao wengi kwao hakuna umeme wala meza, na hatutaki watolewe. Lakini viti vitano au sita karibu na rafu viwekewe wale wanaosoma vitabu vya maktaba.

Kanuni zote hizi aghalabu huja zimekwisha kuandikwa, na msomaji haulizwi. Twaona kila maktaba ndogo ingefaa iwe na kamati yake: mkutubi, mwalimu, mwakilishi wa wafanyakazi, mama mmoja wa sokoni, kijana mmoja. Ikutane mara mbili kwa mwaka, isome ubao kwa sauti, na kila kanuni isiyoweza kuelezwa sababu yake kwa Kiswahili mbele ya hao watano iondolewe. Zinazobaki ziandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na juu yake yaandikwe kwanza mambo ambayo msomaji anaruhusiwa kuyafanya, kwani hayo ndiyo hayaandikwi kamwe.

Mambo hayo yangoja kamati na vikao. Kuna moja lisilongoja. Ndugu msomaji, kama chini ya godoro lako, au juu ya kabati, kipo kitabu chenye mhuri wa maktaba na karatasi ya tarehe iliyopita zamani, kirudishe wiki hii. Nasi twawaomba wakutubi kwamba anayekuja na kitabu cha namna hiyo apokewe, aandikwe kuwa amerudisha, na asiulizwe kilikuwa wapi.