Mpigo wa Leza na Molekuli za Jani la Mkoko: Mfano wa Delta ya Rufiji

Makala hii inafafanua namna molekuli zinavyoitikia mipigo mifupi ya leza, kwa kurejelea mikoko ya delta ya Rufiji, ambayo leo imo katika Wilaya ya Kibiti. Mfano huu haukuteuliwa kwa mapambo. Mnamo Desemba 2018, NASA ilirusha chombo kiitwacho GEDI, kikafungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga ili kupima kimo cha misitu kwa leza. Kimo ndicho hutumika kukadiria kaboni iliyomo mitini. Kaskazini mwa delta, ambako mikoko imefyekwa kupisha mashamba ya mpunga, kosa la mita moja si dogo.

Mkazi wa Nyamisati ana haki ya kuuliza: je, leza hiyo haiunguzi majani? Mpigo mmoja hubeba takriban milijuli 10, hudumu nanosekunde 15 hivi, na hutua kwenye duara lenye kipenyo cha mita 25. Ukigawanya nishati kwa muda na eneo, unapata wati 1,350 hivi kwa kila mita ya mraba, kabla ya kutoa kinachopotea angani. Jua la adhuhuri hutoa kama wati 1,000. Basi mwanga unaolifikia jani hukaribiana na jua lake la kawaida, tena kwa kitambo kisichohisika.

Sababu ya pili imo ndani ya molekuli. Leza hiyo ina urefu wa wimbi wa nanomita 1064. Fotoni yake moja ina nishati ya elektroni-volti 1.17, ilhali klorofili huhitaji takriban 1.8 ili isisimke. Fotoni hupita, au hutawanywa na kuta za seli na kurudi juu. Kurudi huko ndiko kunakopimwa.

Hali hubadilika kabisa nishati ileile ikibanwa katika femtosekunde chache na kulengwa kwenye nukta nyembamba kama unywele. Fotoni mbili humezwa kwa pamoja, na klorofili husisimka kwa mwanga ambao awali haikuujali. Ukali ukizidi, uga wa umeme wa mwanga huinamisha kizuizi kinachoishikilia elektroni, nayo hupenya na kutoka. Uga ukigeuka, elektroni yaweza kurudishwa na kuigonga molekuli mama. Zikitoka elektroni kadhaa, viini vyenye chaji chanya husukumana na molekuli hupasuka. Ahmed Zewail, Mmisri aliyetunukiwa Nobeli ya Kemia mwaka 1999, alitumia mipigo ya femtosekunde, isiyo na ukali huo wa kupasua, kufuatilia vifungo vya kemikali vikikatika.

Kwa mpimaji wa Rufiji, basi, hatari haimo katika klorofili bali katika maji. Wakati wa bamvua bahari hupanda zaidi ya mita 3, na mwanga wa nanomita 1064 hufifia upesi majini. Mwangwi wa chini hutoka kwenye uso wa maji, si kwenye tope, na mkoko huonekana mfupi kuliko ulivyo. Saa ya kupita kwa chombo sharti ilinganishwe na jedwali la maji kujaa na kupwa kabla kimo hakijaandikwa.