Masika Hayasubiri, Kodi Nayo Haisubiri
Unayeuza mtandaoni ukiwa Tindiga, maji unayajua. Desemba 2009 hadi Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika Kilosa, nyumba zikabomoka, reli ya kati ikakatika. Sasa cheki kalenda: awamu ya kwanza ya kodi TRA mwisho ni 31 Machi, masika yameshaanza.

Leo hii piga picha TIN, leseni, kitambulisho cha NIDA na vyeti vya watoto, ujitumie kwa imeili. Karatasi zenyewe zifunge kwenye nailoni, weka juu. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, mwachie na ndugu aliye mbali na mto. Simu ikizama, laini hairudi bila namba hiyo na alama za vidole. Na laini ndiyo wateja wako, ndiyo hela yako.