Hesabu ya Nyumba na Kalenda ya Mwaka

Mtu akiulizwa kwa nini mshahara wake hauvuki mwezi, aghalabu hujibu kwamba mshahara wenyewe ni mdogo. Na jawabu hilo, ijapokuwa ni la kweli kwa watu wengi mno, halielezi kwa nini jirani yake mwenye mshahara kama wake, na watoto kama wake, na vyumba viwili vya kupanga katika mtaa huohuo, hulipa kodi kwa wakati ilhali yeye kila Januari huzunguka mjini akitafuta wa kumkopesha. Mimi naona kwamba tofauti ya watu hawa haimo katika uchoyo wa mmoja na ukarimu wa mwingine, bali imo katika namna kila mmoja anavyoutazama mwaka. Wa kwanza huuona mwezi mmoja tu, wenye mwanzo wa neema na mwisho wa dhiki. Wa pili huiona miezi kumi na miwili kwa pamoja, naye ajua ni upi utakaomdai zaidi kuliko mingine.

Yatazame mambo ambayo watu wamezoea kuyaita dharura. Kodi ya nyumba Dar es Salaam, ambayo wenye nyumba wengi huitaka ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, huitwa dharura. Sare, viatu na madaftari ya Januari huitwa dharura. Nguo za Idi, nauli ya kwenda kwao Desemba na mchango wa harusi ambayo kadi yake ilikwisha letwa miezi mitatu nyuma, vyote huitwa dharura. Lakini dharura ni maradhi, msiba, moto, au kuachishwa kazi. Jambo lililoandikwa katika kalenda tangu mwaka jana haliwezi kumshtua ila mtu ambaye hakutaka kulitazama. Hata katika Tanzania, ambako ada iliondolewa mwaka 2016 katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 msamaha huo ukafika kidato cha tano na cha sita, bado mzazi hukutana na sare, nauli na chakula cha mtoto, na bado hukutana navyo kwa mshangao.

Natuchukue mfano wa kubuni, wa familia ipatayo shilingi 600,000 kwa mwezi. Kodi yao ni 100,000 kwa mwezi, nayo hulipwa miezi sita sita, maana yake mara mbili kwa mwaka hudaiwa mshahara mzima wa mwezi mmoja. Mahitaji ya shule huwachukulia 180,000 kwa mwaka, sikukuu 240,000, na safari ya kwenda kuwaona wazee 180,000. Jumlisha hayo na kodi ya mwaka mzima, utapata 1,800,000. Gawanya kwa kumi na mbili, utapata 150,000. Basi familia hii, ijapokuwa hutia saini ya kupokea laki sita, haina laki sita: ina laki nne na nusu, na robo iliyobaki ni mali ya miezi ijayo, imewekwa mikononi mwao kama amana. Mtu akiisha kuitenga amana hiyo siku ileile ya mshahara, kabla ya kupita dukani na kabla ya kukutana na rafiki, huwa amekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi ambayo wataalamu huiita bajeti.

Na wale wafungao Ramadhani wana sababu ya pili ya kuiangalia kalenda. Mwezi huo hurudi nyuma kiasi cha siku kumi na moja kila mwaka wa miladi, hata kwa kadirio utaanza mwishoni mwa Januari mwaka 2028, katikati ya Januari mwaka 2029, na katika siku za kwanza za Januari mwaka 2030. Futari, tende, tambi, nazi, na nguo za watoto za Idi vitaingia karibu na majuma ya kufungua shule, wakati ambapo mifuko imekwisha tobolewa na Desemba. Mtu aanzaye leo kuweka kidogo kwa ajili ya Januari hizo hatakuwa tajiri, lakini hatakwenda kwa mkopeshaji pamoja na mtaa mzima.

Adabu hii ya nyakati wala si ya wenye mishahara peke yao. Huenda ikawa ni nzito zaidi kwa mkulima. Katika Mtwara na Lindi korosho huvunwa na kuuzwa katika miezi ya mwisho wa mwaka, na fedha ya mwaka mzima huingia karibu yote katika msimu huo mmoja. Tangu mwaka 2007 zao hilo limekuwa likiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi, zikapimwa, zikahifadhiwa ghalani, kisha zikanadiwa. Lakini mkulima ambaye fedha za msimu uliopita zilikwisha mapema, na ambaye mtoto wake ni mgonjwa au mtungi wake hauna unga, hufuatwa nyumbani na mnunuzi wa kangomba, yaani wa nje ya mfumo huo, akauza korosho zingali juu ya mti kwa bei ambayo angeicheka angekuwa ameshiba. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo, na ni vyema. Ila marufuku haijazi mtungi, na mlango wa kangomba hufungwa hasa na ile sehemu ya fedha ya Desemba ambayo haikuguswa mpaka miezi ya njaa.

Mwenye kutaka kuanza na asianze kwa kupanga; aanze kwa kuandika. Kwa muda wa mwezi mmoja na aandike kila kitokacho, bila kujizuia wala kujisuta, na mwisho wa mwezi atayaona mambo ambayo kichwa kilikuwa kikiyaficha. Ataona, kwa mfano, mafuta ya kupima. Tazama duka la mtaani saa kumi na mbili jioni: mtoto ameshika chupa tupu, muuzaji atumbukiza kipimo chake kidogo chenye mpini mrefu ndani ya dumu, amimina, kisha apima sukari robo na kufunga majani ya chai katika kipande cha gazeti. Ukikusanya vipimo vya mwezi mzima, utakuta bei yake imeshinda bei ya chupa nzima na ya mfuko mzima, na mkaa wa kopo hali kadhalika umeshinda mkaa wa gunia. Waandishi wengi wa mambo ya uchumi huishia hapo wakimlaumu mnunuzi, jambo ambalo silioni kuwa la haki, kwani mtu hununua robo kwa sababu mfukoni mna robo. Ndiyo maana nasema kwamba akiba ya kwanza ya nyumba maskini isiwe ya kiwanja wala ya pikipiki. Iwe ya gunia la mkaa na ndoo ya mafuta, na kile kitakachookolewa hapo ndicho kianze kujenga akiba ya pili.

Iko habari nyingine ambayo daftari peke yake haliitibu, nayo ni siri baina ya mume na mke. Katika nyumba nyingi mume huacha asubuhi hela ya matumizi juu ya kabati, bila kusema kamwe apata kiasi gani kwa mwezi; naye mke hupunguza humo mia tano au elfu moja, akaitia katika mchezo wake wa upatu na mashoga zake, bila kusema kamwe atapokea lini. Simlaumu mke huyo, kwani mara nyingi ni fedha hiyo iliyofichwa ndiyo iliyompeleka mtoto hospitali. Lakini nimesikia habari za nyumba zaidi ya moja ambamo mume alikopa kwa riba kubwa mwezi uleule ambao mkewe alipokea mchezo, kila mmoja akidhani amemstahi mwenzake. Si lazima wafunuliane kila senti. La lazima ni wote wawili wazijue tarehe.

Ama mahali pa kuweka akiba, kila mahali pana sifa yake. Kibubu cha mbao, kile ambacho seremala hukipigilia misumari pande zote akaacha mwanya wa noti tu, chafaa kwa sarafu za watoto na kwa watu wenye nia. Wasio na nia huwa hodari wa kuchokonoa noti kwa wembe. Upatu wapita kibubu kwa kuwa una macho ya watu. Wakiwa kumi, na kila mmoja atoa elfu hamsini kwa mwezi, kijumbe hukusanya laki tano akampa mwenye zamu. Wa kwanza huwa amekopeshwa na wenzake bila riba, na wa mwisho huwa amewakopesha wote. Kwa hiyo mtu mwenye busara humwomba kijumbe zamu inayolingana na haja yake: mwenye kodi ya Julai aombe Julai, wala asigombee ya kwanza kwa pupa.

Vikoba, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, vina mambo zaidi. Asili ya mfumo huo ni Maradi, nchini Niger, ambako mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kuunda na wanawake wa huko vikundi vilivyoitwa Mata Masu Dubara. Wanachama hununua hisa kila juma, hukopeshana kutoka katika hisa hizo, na fedha hulala katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, ambalo funguo zake hushikwa na watu watatu mbalimbali, likafunguliwa mbele ya wote. Mwisho wa mzunguko, aghalabu baada ya mwaka, huvunja na kugawana kwa kadiri ya hisa. Tanzania imevitambua vikundi hivyo katika Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, sheria ambayo pia humtaka mkopeshaji wa biashara awe na leseni. Na hilo ni la kukumbukwa na kila afuatwaye na wakopeshaji wa kausha damu, ambao baadhi yao hushika kadi ya benki ya mfanyakazi pamoja na namba yake ya siri. Mkopo wa laki tatu kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, ukilipiwa riba tu kwa miezi minne, humla mtu 360,000, na deni lenyewe bado limesimama palepale.

Kwa fedha isiyohitajiwa upesi ziko benki, vyama vya akiba na mikopo, na vipande vya mifuko ya uwekezaji ya UTT, ambayo mfuko wake wa kwanza, wa Umoja, ulianzishwa mwaka 2005. Wanaojiepusha na riba nao wana pa kwenda: Kenya ilipata benki zake za kwanza za Kiislamu mwaka 2008, na Amana Bank ikafungua milango Tanzania mwaka 2011.

Hata hivyo wengi wetu huweka akiba kwa matofali, na wasomi wanaowacheka hawajafikiri vya kutosha, maana tofali halipungui thamani upesi kama noti, na shemeji ajaye kukopa hawezi kuondoka nalo mfukoni. Ila kiwanja kitangulie, na nyaraka zake zikaulizwe ofisi ya ardhi, si kwa dalali aliyekionyesha. Na katika vifaa, saruji inunuliwe juma la kazi na si kabla, kwa kuwa hushika unyevu ikaganda mfukoni mwake, nondo zifunikwe, nao mchanga uletwe mwisho, kwa maana rundo lililokaa nje miezi miwili huliwa na mvua, na kilichosazwa na mvua huchukuliwa na majirani ndoo kwa ndoo.