Ari ya Mwandishi na Mipaka Inayoilinda

Imeenea dhana kwamba kazi ya sanaa huzaliwa pale ilhamu, yaani msukumo wa ghafla wa kubuni, inapomshukia mtu mwenye utulivu na nafasi ya kutosha. Na kwa kuwa utulivu na nafasi ni adimu, wengi huahirisha kuandika hadi ari ikawatoka kabisa. Historia ya fasihi ya Kiswahili haiungi mkono dhana hiyo, kwani baadhi ya kazi zake kubwa zilitungwa na watu waliobanwa na ajira au na dola, na mara nyingi mipaka waliyowekewa, au waliyojiwekea, ndiyo iliyowafanya waendelee.

Shaaban Robert (1909–1962) hakuishi kwa kalamu. Aliajiriwa kuwa karani wa forodha mwaka 1926, akaendelea kuitumikia serikali ya kikoloni katika idara mbalimbali kwa zaidi ya miaka 30, na katika kipindi hicho hicho akaandika riwaya, insha, wasifu na tenzi. Utenzi wake wa Vita vya Uhuru, unaosimulia Vita Kuu ya Pili ya Dunia, una takriban beti 3,000, wingi unaoweza kumkatisha tamaa yeyote anayeutazama kwa jumla. Lakini mtunzi anayekamilisha beti 5 kila siku hufikia idadi hiyo kwa siku 600. Kwa hiyo mwandishi mwenye saa chache anahitaji zaidi sehemu ndogo inayoweza kumalizika leo kuliko likizo ndefu ambayo huenda isipatikane.

Abdilatif Abdalla alibanwa zaidi. Baada ya kuandika kijitabu cha kuikosoa serikali ya Kenya mwaka 1968, alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972, na humo gerezani akatunga kwa siri, kwenye karatasi za chooni, mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mashairi hayo yanafuata arudhi, yaani kanuni za utunzi zinazotawala mizani, ambayo ni hesabu ya silabi katika mshororo, na vina, ambavyo ni silabi zinazofanana sauti katikati na mwisho wa mishororo. Kanuni hizi humsaidia mtunzi kwa namna mbili: humwezesha kuuhifadhi ubeti kichwani hadi apate pa kuuandika, na humlazimisha kuliacha neno la kwanza linalomjia ili atafute jingine litakalotosha, ambapo mara nyingi hukutana na wazo ambalo hakulikusudia.

Haimaanishi kwamba arudhi pekee ndiyo chemchemi ya ubunifu. Euphrase Kezilahabi aliiacha katika diwani yake Kichomi ya mwaka 1974, akazusha mjadala mkali. Hata hivyo, anayeacha vina hulazimika kujiwekea nidhamu nyingine ya picha, pumzi na mpangilio wa mishororo.

Kichocheo cha mwisho ni msomaji. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji wake, na katika desturi ya kujibizana malenga mmoja alitoa hoja au fumbo kwa shairi, naye mwenzake akapaswa kujibu kwa bahari ile ile, yaani kwa muundo ule ule wa utunzi. Mtunzi aliyetupiwa swali mbele ya hadhira hakuwa na haja ya kujiuliza kama ana ari, kwa sababu kunyamaza kulikuwa sawa na kushindwa.

Mwandishi wa leo aliyekwama anaweza basi kupunguza kipimo cha kazi ya siku, kuchagua umbo linalombana, na kumwahidi mtu mmoja anayemheshimu kwamba atamsomea ukurasa ujao siku fulani. Hatua hizo hazimhakikishii kipaji, lakini zinamweka mezani kwa muda wa kutosha ili kipaji alichonacho kipate kufanya kazi.