Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Utalii wa Rwanda

Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Kigali husafiri zaidi ya kilometa 1,400 kabla ya kushusha mzigo. Yanapovuka mto Kagera penye daraja la Rusumo, gharama ya safari hiyo yote imekwisha kuingia katika bei ya saruji, mafuta na mbolea atakayonunua mwananchi wa Rwanda. Kahawa na chai ya nchi hiyo nazo hulipiwa nauli kubwa kabla ya kufika baharini. Huo ndio mzigo wa kila nchi isiyokuwa na pwani.

Utalii ni biashara ya namna nyingine. Hapa mnunuzi ndiye anayesafiri, tena kwa gharama yake, na bidhaa hubaki mahali pake. Ndiyo maana Rwanda imeuweka utalii katika safu ya mbele ya njia zake za kupata fedha za kigeni. Lakini biashara hiyo inahitaji mtaji ambao nchi hiyo inao kwa uchache sana, nao ni ardhi. Rwanda nzima ina kilometa za mraba 26,338. Mkoa wa Tabora peke yake unaizidi zaidi ya mara mbili. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 13, yaani wastani wa watu 503 katika kila kilometa moja ya mraba. Kila hekta inayoachiwa mnyama ni hekta ambayo mkulima fulani angeilima.

Jambo hilo linaonekana wazi kaskazini-magharibi mwa nchi, katika Hifadhi ya Taifa ya Volkano, ambako milima ya Virunga imegawanywa baina ya Rwanda, Uganda na Kongo. Mpakani mwa hifadhi hiyo umejengwa ukuta wa mawe. Juu ya ukuta ni mianzi na msitu wenye ukungu, makao ya gorila wa milimani. Chini yake ni mashamba ya viazi na pareto, yaliyolimwa mpaka kwenye mawe yenyewe.

Ukuta huo haukuwa hapo tangu zamani. Mwaka 1969 karibu hekta 10,000 za hifadhi zilikatwa ili kulimwa pareto kwa ajili ya kuuzwa nje. Uwindaji nao uliendelea, na hesabu ya mwaka 1981 ilikuta gorila wapatao 250 tu katika milima yote ya Virunga. Mtafiti Dian Fossey, aliyeanzisha kituo cha Karisoke mwaka 1967, aliuawa katika nyumba yake huko huko mlimani mwaka 1985. Hata hivyo, hesabu ya mwaka 2015 na 2016 ilikuta gorila 604.

Hapana shaka kwamba walinzi na madaktari wa wanyama wanastahili sifa kwa ongezeko hilo. Lakini hakuna askari wa kutosha kumlinda mnyama ambaye jirani yake hamtaki. Mbogo akiruka ukuta usiku, viazi vya msimu mzima huweza kuliwa kabla ya jogoo kuwika. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2005 Serikali ya Rwanda imetenga sehemu ya mapato ya hifadhi kwa ajili ya vijiji vya jirani, na sheria imeweka utaratibu wa fidia kwa uharibifu wa wanyama. Sehemu hiyo, iliyoanza kwa asilimia 5, iliongezwa kuwa asilimia 10 mwaka 2017. Mwaka huo huo kibali cha mgeni kutoka ng'ambo kilipandishwa kutoka dola 750 za Marekani hadi dola 1,500. Kwa fedha hizo mgeni hupata saa moja tu mbele ya gorila, katika kundi lisilozidi watu wanane, kwani mafua ya binadamu yanaweza kumwua mnyama huyo. Rwanda imeamua kupokea wageni wachache wanaolipa sana.

Uamuzi huo una busara, lakini una hatari yake. Mgeni wa namna hiyo huweza kuteremka Kigali, akapanda mlimani, akapiga picha na kuondoka siku ya tatu bila kuijua nchi wala kununua kitu kwa mwananchi. Dawa yake ni utamaduni. Huko Nyanza iko nyumba ya mfalme ya msonge, iliyojengwa upya kwa namna ya kale, pamoja na ng'ombe wa inyambo wenye pembe ndefu. Karibu na Rusumo, wilayani Kirehe, wanawake hutengeneza imigongo, yaani michoro ya mistari iliyoinuliwa kwa samadi ya ng'ombe na kupakwa rangi. Ngoma ya intore iliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2024. Na huko Gisozi, Kigali, wamezikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Hapo mgeni hunyamaza, na ni vema anyamaze.

Hata gorila ameingizwa katika mila za nchi. Tangu mwaka 2005 watoto wa gorila hupewa majina katika sherehe ya hadhara iitwayo Kwita Izina, iliyochukuliwa katika desturi ya Wanyarwanda ya kumpa jina mtoto mchanga mbele ya majirani. Maana yake ni kwamba mnyama huyo naye ana majirani wanaomtambua.

Sasa Serikali inakusudia kuipanua hifadhi hiyo na kurudisha sehemu ya ardhi iliyokatwa zamani, kwa kuwa gorila wameongezeka na nafasi imekuwa finyu. Mpango huo utahamisha maelfu ya familia. Nyumba za kisasa zimekwisha kujengwa katika kijiji cha mfano huko Kinigi. Nyumba nzuri ni jambo jema, lakini mkulima haishi kwa nyumba peke yake. Huishi kwa shamba, au kwa kazi itakayochukua nafasi ya shamba.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Utalii wa Rwanda utapimwa kwa kipimo hicho. Mgeni amekwisha kuja, na gorila amepona. Anayesubiri zamu yake ni yule mwenyeji wa chini ya ukuta.