Mgonjwa mahututi na dawa za bakteria (sehemu ya pili): Chupa ya damu itangulie

Wiki iliyopita tulieleza jinsi bakteria wanavyojenga usugu. Leo tuingie wodini, na ushahidi tuutoe wilaya ya Kasese, Uganda. Tangu mwishoni mwa Desemba 2007 hadi Julai 2009, homa ya matumbo iliwapata watu 577 wilayani humo. 249 walitoboka utumbo, 47 wakafariki. Utumbo ukitoboka, uchafu wake humwagika tumboni, tumbo hukakamaa kama ubao, presha hushuka, na mgonjwa huhitaji kisu na dawa siku hiyo hiyo. Dawa ipi? Wagonjwa 81 walipopimwa, bakteria wa homa hiyo walioteshwa kutoka kwa 27, na wengi wao hawakudhurika tena na ampisilini, kloramfenikoli wala septrini. Siprofloksasini iliwaweza wote. Hilo halikujulikana kwa kukisia, lilijulikana maabara.

Ndiyo maana nashikilia kwamba mgonjwa mahututi atolewe damu ya kuotesha, iingizwe kwenye chupa ya maabara, kabla ya sindano ya kwanza ya dawa. Wapo watakaosema: mtu anakata roho, nanyi mnatafuta chupa! Hoja hiyo ina uzito, kwani aliyeshuka presha kwa maambukizi anapaswa kupata dawa ndani ya saa moja. Lakini kujaza chupa ni kazi ya dakika chache, na mkono tayari umefungwa mpira kutafuta mshipa wa dripu. Dawa haisubiri majibu: huanza ile inayoua aina nyingi, na majibu yakifika baada ya siku mbili tatu, hubaki moja inayotosha. Pasipo majibu hakuna anayethubutu kupunguza, na dawa hiyo ya kuua aina nyingi, kama seftriaksoni, huendelea wiki mbili kwa woga tu.

Woga huo nao umepimwa. Utafiti wa BALANCE, uliochapishwa 2024, ulifuatilia wagonjwa 3,608 wenye bakteria kwenye damu, zaidi ya nusu yao wakiwa mahututi. Waliopewa dawa siku 7 hawakufa zaidi ya waliopewa siku 14. Utafiti huo haugusi kila ugonjwa: usaha ambao haujatolewa hauhesabiwi hapo, na homa ya matumbo ina muda wake. Muuguzi wa Bwera, jirani na mpaka wa Mpondwe, anaweza kuuliza afanyeje chupa zikiisha. Bajeti ya dawa isiyonunua chupa hizo ina kasoro, nami nalisema hilo bila kuficha. Hata chupa zikikosekana, sababu ya dawa na tarehe ya kuipitia upya viandikwe kwenye faili siku ya kwanza. Siku ya tatu daktari afungue ukurasa huo, abonyeze tumbo, atazame homa, mkojo na presha, kisha aamue upya.